Waya wa Gari Lililobebwa Mhezi

Gereji ya Bwana Karsan,
Same,
Jumatatu jioni

Kwa dada yangu Mwanaidi,

Tarishi wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, amesimama leo asubuhi mlangoni pa gereji na kutangaza kwa sauti iliyofika mpaka stesheni: gari la Bwana Meneja wa shamba la mkonge lisiguswe na mtu yeyote, awe fundi, mwenye gereji au mwenye gari, mpaka litakapotazamwa bomani Alhamisi. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, Athumani wa Lindi, utakuwapo." Nimelitanguliza hilo kwa sababu habari za Same zikifika huko huwa zimeshavaa nguo nyingine, nami nataka uipate hii kabla haijavishwa.

Sasa nirudi kwenye adabu. Shikamoo, dada. Asalaam aleikum wewe na wote waliomo nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Ulisema kwamba ukiinama kuokota korosho huinuki bila kushikwa mkono. Ukiniandikia tena nieleze kama ile dawa ya kuchua imesaidia au ni harufu tu. Mimi ni mzima. Mvua za vuli zimeanza juu milimani, huku chini tunapata mawingu na vumbi. Nakula, ingawa ni wiki ya tatu sasa silali chumbani kwangu. Sababu utaiona mbele.

Barua yako nimeipata. Umeniandikia kwamba nitie sahihi, kwamba sahihi haimuumizi mtu mkono, na ukauliza Wapare wamenipa nini hata niwasumbukie. Nakujibu mapema ili usisome barua nzima ukiwa na tumaini: sitatia. Na Wapare hawajanipa kitu. Niliuona waya. Sasa nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu ninamjua aliyekupa habari, na nijuavyo, yeye husimulia mwisho kwanza.

Bwana Meneja ana gari la Kiamerika, refu, rangi ya maziwa, alilonunua Nairobi kwa mtu aliyekuwa akihama. Lina mashine ya baridi. Usicheke, ipo kweli. Mashine yenyewe huzungushwa na injini kwa mkanda, lakini feni inayosukuma ile hewa iliyopoa iko nyuma, ndani ya buti, nayo huendeshwa kwa umeme wa betri. Vioo vikifungwa, nje Same inachoma na ndani mtu anatafuta sweta. Likisimama dukani, watu hupita wakaweka kiganja kwenye kioo, kisha wakaenda zao.

Kabla ya mvua, panya wa ghala la shamba walitafuna waya unaopeleka umeme kwenye feni. Bwana Karsan, tajiri wangu, aliweka waya mpya kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilikuwa Korogwe kuchukua matairi, sikuiona kazi hiyo. Gari likaondoka hapa baridi inavuma, kila mtu ameridhika.

Baada ya mvua za kwanza, Memsabu, mkewe Bwana Meneja, akataka kwenda Mhezi, kijiji cha juu milimani, kuwasalimu marafiki zake wa misheni. Dereva wao ni Eliakimu, mzaliwa wa Mhezi, rafiki yangu tangu nilipofika hapa. Eliakimu akamwambia Bwana Meneja kwamba barabara imelowa, wangoje wiki moja. Akajibiwa, "Mimi nunua gari, hapana nunua kitanda." Wakapanda.

Chini kidogo ya Mhezi maji yalikuwa yamekula barabara, pengo lenye upana wa nyumba. Upande mmoja mlima, upande wa pili bonde. Kugeuza gari lile haikuwezekana. Ndipo baragumu likapigwa.

Hapa inabidi nikueleze jambo ambalo kwetu halipo kwa namna hii. Wapare wana kitu kinaitwa msaragambo. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu. Inaweza kuwa mfereji wa maji umebomoka, inaweza kuwa barabara, inaweza kuwa paa la mjane. Hakuna anayelipwa, na asiyetokea ataulizwa kwa muda mrefu. Siku ile walikuja kuziba pengo. Walipoliona gari, wakasema kazi ya kuziba itachukua mpaka kesho, mgeni asilale njiani, tumvushe kwanza. Wakakata miti ya mkalitusi, wakaipitisha chini ya gari upande hadi upande, wanaume wakashika ncha, wanawake wakashika kamba mbele na nyuma.

Haya yafuatayo nimeyasikia kwa Eliakimu na kwa shangazi yake, Mama Namsifu, ambaye alikuwa kwenye kamba ya nyuma. Niliwauliza kila mmoja peke yake, na maelezo yao hayakupishana.

Memsabu alishuka. Alivua viatu, akavishika mkononi, akavuka kwenye tope pamoja na wanawake, na upande wa pili akashukuru kwa Kipare cha maneno mawili. Bwana Meneja hakushuka.

"Bwana, tunaomba ushuke, gari liwe jepesi," alisema Eliakimu.

"Mimi hapana shuka. Jua kali."

"Basi tuzime injini. Wanaovuta nyuma wanakula moshi."

"Ukizima, baridi kwisha."

Kioo kikapanda. Wakambeba hivyo hivyo, ameketi kiti cha nyuma, injini inanguruma, moshi unawatoka wanawake puani. Walipofika katikati wakalitua gari kwenye mawe ili kubadilisha mikono, kisha wakaliinua tena. Katika kuliinua huko mti mmoja uliteleza, ukakaa vibaya upande wa kushoto nyuma, wakaurudisha mahali pake. Eliakimu alisikia feni ikikatika. Muda si muda kioo kikashuka na uso wa Bwana Meneja ukatokeza, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

Mama Namsifu, na kamba yake begani, akamwambia, "Karibu duniani, Bwana."

Watu walicheka, na nadhani kesi yote ilizaliwa katika kicheko kile. Hata hivyo walimfikisha upande wa pili salama, na kwa kuwa kwao mgeni haondoki mikono mitupu, wakamtilia Memsabu mikungu ya ndizi ndani ya buti.

Kesho yake, pengo lilipokwisha kuzibwa, gari likaletwa kwangu. Bwana Meneja alikuwa amekwisha kuamua ugonjwa: ndizi. Alisema utomvu umeingia kwenye feni. Fyuzi ilikuwa imeungua, na kila walipoweka nyingine iliungua njiani.

Dada, kazi yenyewe nitakueleza kwa ufupi, kwa sababu Alhamisi nitaulizwa hayo hayo, na ukiyaelewa wewe uliye jikoni Lindi, basi ataelewa na Bwana Shauri.

Nilianza kwa kuichomoa feni kabisa na kuijaribu mezani kwa betri nyingine. Ilizunguka vizuri, safi, haina utomvu. Ndizi nikaziachia huru. Kisha pale penye fyuzi nikafunga taa yangu ndogo ya kupimia. Feni haipo, kwa hiyo umeme hauna pa kwenda, na taa haipaswi kuwaka. Ikiwaka, ujue umeme umepata njia ya wizi ya kuingilia kwenye chuma cha gari. Hiyo ndiyo shoti. Nilitazama: taa haikuwaka. Nikatikisa waya kila mahali nilipoufikia. Haikuwaka. Nikamwambia Eliakimu aendeshe taratibu mpaka stesheni, mimi nimekaa mbele naitazama taa. Kwenye kila shimo ikapepesa. Tuliporudi tukasimama, ikafa tena.

Basi gari lilikuwa zima likiwa tupu limesimama, na gonjwa likitikiswa. Kilichobadilika ni uzito. Nikamwambia Eliakimu akae kiti cha nyuma. Ni mwembamba kama mpini, hakuna kilichotokea. Nikakaa mimi pamoja naye, upande wa kulia, taa ikafanya kama inataka, ikaghairi.

Wakati huo akaingia Mama Namsifu. Ameteremka Same kuuza uji, na alikuwa amemletea Eliakimu kibuyu chake. Ni mama mwenye mwili wa kutosha.

"Mama," nikamwambia, "naomba uingie humu ukae kidogo, upande huu wa kushoto."

"Kwenye gari la Bwana? Na miguu hii?"

"Na miguu hiyo hiyo."

"Nikilichafua utalisafisha wewe, Mswahili wa Lindi."

Akaingia, akakaa. Taa ikawaka, nyeupe kabisa, hakuna kupepesa.

"Imewaka kwa nini?"

"Kwa ajili yako. Hebu shuka, mama." Akashuka, ikazimika. "Panda tena." Akapanda, ikawaka.

Akaitazama, kisha akapiga makofi. "Eliakimu! Mwite Baba Namsifu aje aone. Siku zote ananiambia unene wangu hauna kazi."

Nililala chali chini ya gari, yeye yuko juu, nikaona. Waya mpya wa feni haukupita ndani, chini ya zulia, ulipopita ule wa kwanza. Bwana Karsan hakuinua viti. Aliushusha chini ya gari, akaupitisha kati ya bodi na fremu, akaufunga kwa kamba ya mkonge. Kati ya bodi na fremu pana vipande vya raba ili chuma kisikalie chuma. Kipande cha nyuma kushoto kilikuwa kimesukumwa nje, na alama ya gome la mkalitusi ilikuwa bado ipo juu ya chuma. Raba haipo, mtu mzito akikaa, bodi inaukalia waya. Ngozi ya waya ilikuwa imekatika mpaka shaba inaonekana.

Kwa hiyo mambo ya kweli ni mawili. Mti wa watu wa Mhezi uliisogeza raba. Hilo ni kweli, nami nitalisema mbele yao. Na waya haukuwa na haki ya kuwa pale. Ungepita ndani, raba ingesogea, bodi ingelia kidogo kwenye mashimo, na Bwana Meneja angefika misheni na baridi yake. Hilo nalo ni kweli, na hilo ndilo wasilolitaka.

Bwana Karsan nilimwonyesha mwenyewe. Alichuchumaa, akaangalia, akasimama akijifuta mikono ambayo haikuwa michafu.

"Athumani, wewe andika watu wameharibu kwa miti. Basi. Hiyo si uongo."

"Ni nusu, Bwana Karsan."

"Nusu inatosha. Shamba likiondoa magari yake hapa, gereji hii ni banda la mbuzi. Wewe utalala wapi?"

Simchukii. Ana watoto, na karibu kazi zote za gereji hii zinatoka shambani. Lakini siku hiyo hiyo Bwana Meneja alikuja na karatasi imekwisha kupigwa taipu, inangoja jina langu tu. Ilisema watu wa Mhezi wameharibu gari kwa makusudi na kwa dhihaka, na mwenye gari anaomba wanaume wao washuke wakate mkonge shambani kwake bila ujira mpaka atakaporidhika. Imeandikwa hivyo, dada: mpaka atakaporidhika. Na huku vuli imeanza. Maharage na mahindi yanapandwa sasa au hayapandwi. Wanaume wakishuka kukata mkonge wiki hizi, mwakani Mhezi watanunua chakula, na wengi hawana cha kununulia. Hilo ndilo linalotafutwa kwa jina langu.

"Tia sahihi," akasema Bwana Meneja. "Nani haribu gari?"

"Mti umesukuma raba, waya umebanwa. Waya haukutakiwa kuwekwa pale."

"Mimi nauliza nani. Hapana uliza nini."

"Mimi ni fundi wa nini, Bwana."

Hakunipiga. Aliivua kofia, akaivaa tena, akamwambia Bwana Karsan waya ubadilishwe upesi na gari lisafishwe. Nikasema sitaubadilisha mpaka utazamwe na mtu asiyekuwa na gari wala gereji. Bwana Karsan akasema kama ni hivyo atafanya mwenyewe, na chumba cha uani anakihitaji. Nikatoa mkeka wangu na sanduku langu. Nalala kwa Eliakimu.

Habari ilipofika Mhezi, Mama Namsifu alisema neno ambalo sasa linazunguka sokoni kote. "Tulimbeba akiwa ndani. Sasa anataka tumbebe na akiwa nje."

Kisha wakafanya jambo ambalo sikuwaambia wala sikulifikiria. Huko juu maji ya mfereji mmoja yanagawanywa kwa mashamba mengi kwa zamu, na mwenye zamu hulinda maji yake kwa jicho, haendi popote. Basi wakashuka kwa zamu. Wawili asubuhi, wawili mchana, wengine baada yao, wanakaa kwenye kivuli cha ukuta wa gereji, nyuso zimeelekea kwenye gari. Hawagusi kitu, hawazuii njia. Bwana Karsan alitoka na spana mkononi akakuta wanamtazama.

"Nyinyi mnangoja nini hapa?"

"Tunangoja uji upoe," akajibu mmoja.

"Uji gani? Tangu jana?"

"Wa huku una moto sana."

Akarudi ndani na spana yake. Zamu hiyo imelinda waya ule kuliko kufuli.

Jumamosi nilikwenda bomani mwenyewe. Karani aliuliza maandishi yangu yako wapi. Nikamwambia sina maandishi, nina waya, nao hauji bila gari. Alinicheka, lakini aliingia ndani. Alipotoka alisema nitajulishwa, na leo tarishi amekuja. Bwana Karsan ameniambia kwamba kuanzia Ijumaa nisihesabu kazi hapa. Eliakimu naye ameonywa kwamba akitaja injini iliyokuwa ikiwaka atarudisha ufunguo. Amesema ataitaja, na ufunguo amekwisha kuung'arisha kabisa.

Sikudanganyi kwamba tutashinda. Bwana Shauri na Bwana Meneja hunywa meza moja kila Jumamosi. Anaweza kutazama waya, akatikisa kichwa, akawateremsha watu wa Mhezi shambani vilevile. Akifanya hivyo, atakuwa amefanya kwa jina lake, si kwa jina langu. Jeshini nilitengeneza magari ya watu waliokuwa wakinitukana, na sikuwahi kuandika kwamba betri imekufa wakati ni nzima. Sitaanza Same. Ukiniona nimerudi Lindi kabla ya Ramadhani, usiulize nimekosa nini. Niwekee chai.

Naomba unifikishie salamu kwa shemeji yangu, na umwambie cherehani yake isifunguliwe na mtu mpaka nije. Kwa mama mdogo, ambaye najua atasema nina kichwa kigumu kama baba; mwambie nimekubali. Kwa mjomba aliyenisomesha, namwomba dua ya Alhamisi asubuhi, fupi, sina haja ya ndefu. Kwa binti wa marehemu kaka, mwambie ile taa aliyoichezea nilipokuja likizo ndiyo itakayosema bomani. Na kwa jirani yetu aliyekuletea habari zangu, msalimu pia, umpe barua hii aisome mpaka mwisho.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, gari litasukumwa mpaka uwanja wa boma, na taa yangu itafungwa mahali pa fyuzi mbele ya kila mtu. Nimeomba kwamba Bwana Meneja mwenyewe akae kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kama alivyokaa siku ile. Ni mwembamba kidogo. Uzito wake usipotosha, Mama Namsifu amesema atakuwa amesimama karibu, amevaa khanga mpya.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani